Barua ya Motisha Si Kesi

Kuna uandishi mmoja ambao hapa kambini unaandikwa kuliko mashairi, kuliko hadithi, kuliko hata mahubiri, na sijaona mtu akiuhakiki: barua ya motisha. Ile barua ya ukurasa mmoja au mbili unayoambatanisha ukiomba chuo. Msimu wa maombi ukifika, vijana wanakuja kituoni na simu mkononi: "Kaka, hebu nisomee hii kabla bando halijaisha." Mimi niliishia sekondari, sijakanyaga chuo. Lakini barua hizi nimezisoma nyingi sana, na msomaji wa barua nyingi anajua ipi inasomeka na ipi inachosha.

Hapa nazungumzia barua mbili. Waandishi wake wamenipa ruhusa, majina siyataji. Zote zinaomba shahada ya uzamili ya historia, upande wa Ulaya, katika Central European University, chuo kinachochagua watu wachache na kinachofundisha kwa Kiingereza. Najua wengine mshaanza kucheka. Mtu wa Fizi, mtu wa Uvira, aache uuguzi, aache kompyuta, aende kusoma wafalme wa Ufaransa? Vumilieni kidogo, nitafika huko.

Barua ya kwanza ni ya kijana aliyemaliza digrii yake kwa njia ya mtandao, akisoma usiku kwa simu. Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Aya ya kwanza: usiku wa shambulio. Aya ya pili: njia, ziwa, mtumbwi. Aya ya tatu: kambi, hema, foleni ya maji. Aya ya nne ndipo inaanza kuomba. Neno "historia" nililihesabu mara mbili, na mara moja lilikuwa ndani ya jina la kozi.

Ukisoma haraka utalia. Ukisoma mara ya pili utagundua umeshaisoma mahali. Ni ile stori ya kwenye usaili. Kila mtu hapa anaijua kanuni yake: tarehe zisipishane, taja nani alikuja na walikuwa wangapi, eleza kwa nini huwezi kurudi, na ukiulizwa tena mwezi wa sita usiseme tofauti na ulivyosema mwezi wa kwanza. Huo nao ni ufundi, siudharau. Kuna familia zimepona kwa sababu mama alijua kusimulia kwa mpangilio. Lakini yule afisa mezani ana swali moja tu: je, huyu anastahili ulinzi? Kamati ya historia ina swali lingine kabisa: huyu anataka kujua nini, na atakijuaje? Kijana wetu amejibu swali la afisa, akamtumia profesa majibu.

Sasa, lawama isimwangukie yeye peke yake. Nyinyi wa mashirika mnaosoma jarida hili, na ninajua mnalisoma, maana nakala zinaisha ofisini kwenu kwanza, mmetufundisha hivyo. Semina za kuandika maombi ambazo nimehudhuria, mwezeshaji anaandika ubaoni: simulia safari yako. Mfano anaogawa umeanza na vita. Fomu za ufadhili nazo zina kisanduku cha "changamoto ulizopitia". Mtu akijazwa visanduku hivyo miaka kumi, anaamini kwamba kitu pekee alichonacho cha kuuza ni kidonda. Na kisanduku kipo, basi kidonda kiandikwe humo, kwenye fomu ya ufadhili. Kwenye barua ya kuomba historia, aya moja inatosha, au hata sentensi.

Barua ya pili ni ya dada mmoja, mwalimu. Alisomea historia katika chuo cha ualimu huko Kivu kabla ya kukimbia, na hapa anafundisha sekondari. Barua yake inaanzia Tengeru.

Wengi hamjui Tengeru ni nini, hata mimi sikujua. Ni karibu na Arusha. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu raia wengi wa Poland kutoka mashariki ya nchi yao, wakawapeleka Siberia na Asia ya Kati. Baada ya makubaliano ya Julai 1941 sehemu yao waliachiliwa, wakatokea Iran, na kutoka huko Waingereza wakawasafirisha kwa meli mpaka Afrika Mashariki. Tengeru peke yake ilipokea karibu watu 5,000, wengi wakiwa wanawake na watoto. Walikuwa na shule, kanisa, hospitali, shamba. Makaburi yao yapo hadi leo. Kwa hiyo kulikuwa na kambi ya wakimbizi katika nchi hii ambayo wakimbizi wake walikuwa Wazungu, na hiyo ni zamani kabla hata mtu wa kwanza kati yetu hajavuka ziwa.

Mwandishi mwingine angeishia hapo, aseme "ona, nao pia waliteseka", tupige makofi. Yeye anaendelea. Anasema Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 uliwalinda watu waliokimbia kwa sababu ya matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi iliyosaini iliruhusiwa kusema mkataba unahusu matukio ya Ulaya tu. Mipaka hiyo iliondolewa na Itifaki ya 1967. Halafu anauliza: wale wa Tengeru, walipokuwa wanangoja kujua watapelekwa wapi, walijiitaje wenyewe? Wakimbizi? Wahamishwa? Raia wa Poland walio safarini? Na wale waliokuwa wanawaandikia ripoti waliwaitaje? Anataka kusoma barua zao na ripoti za maofisa, aweke pembeni kwa pembeni, aone lini jina moja linashinda jingine.

Hilo ndilo swali. Lina watu, lina miaka, lina karatasi za kutafutwa, na unaweza kukosea ukilijibu. Nililisoma nikasahau kwamba nilitakiwa kusahihisha koma.

Tena angalia anavyotumia maisha yake. Kuna sentensi moja tu, katikati ya barua: kwamba yeye mwenyewe ameandikwa kwa majina matatu tofauti kwenye karatasi tatu za ofisi tatu, ndiyo maana jambo la majina linamkera. Basi. Hasemi zaidi. Sentensi hiyo inafanya kazi ambayo aya tatu za kijana hazikufanya, kwa sababu inaeleza swali lilikotoka.

Nirudi kwa wale waliocheka. Wakubwa kwenye kikao cha wazazi walimwambia dada huyu, kwa heshima lakini wazi, kwamba anapoteza bahati: kama ni historia, asome ya kwetu. Hoja hiyo naiheshimu ila naona ina tundu. Kwanza ya kwetu na ya kwao zimefungwa kamba moja. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ni historia ya Ulaya au ya Kongo? Karatasi nyingi za utawala wa Mbelgiji ziko Brussels, na Burundi kabla ya Mbelgiji ilikuwa chini ya Mjerumani, pamoja na nchi hii tunayoishi. Mwaka 1914 Wabelgiji kama 250,000 walikimbilia Uingereza wakipisha jeshi la Wajerumani, wakati huohuo Kongo ikiwa koloni lao. Babu zetu wangelijua hilo wangekuwa na la kuulizana.

Pili, hata bila kamba hiyo. Miaka yote wanakuja watafiti kutoka vyuo vya huko na dodoso zao. Wanatuuliza tunakula nini, tunaota nini, tunamwogopa nani. Wanaenda kuandika tasnifu, na hakuna kikao kinachowaambia wangebaki kusoma ya kwao. Mtu wa kwetu akitaka kwenda kuwasoma wao, ghafla inakuwa anasa.

Kitu kimoja barua zote mbili zimekikosa, na kinanishangaza. Chuo wanachokiandikia nacho kimefukuzwa. Kilianzishwa 1991, makao yake yakawa Budapest. Mwaka 2017 Hungaria ilipitisha sheria iliyokibana, mwisho wa 2018 kikatangaza kuhama, na kuanzia 2019 kikahamishia masomo Vienna. Kilikuwa na programu ya kufundisha wakimbizi, OLIve, iliyoanza 2016. Mwaka 2018 ikasimamishwa kwa sababu ya kodi mpya ya asilimia 25 kwa shughuli zilizohesabiwa kuunga mkono uhamiaji. Sisemi uandike "sisi sote ni wakimbizi", hapana, maprofesa hawakulala kwenye hema. Lakini mtu anayeomba kusoma mipaka na majina, akiandikia chuo kilichovushwa mpaka, hata hagusii? Sentensi moja ingeonyesha kwamba anajua anaongea na nani. Barua zote mbili zingeweza kutumwa chuo chochote ukibadilisha jina la juu, na kwa barua ya motisha hiyo ni kasoro kubwa kuliko sarufi.

Upo na mwisho. Baada ya Tengeru, baada ya swali zuri namna ile, aya ya mwisho ya dada inaahidi kwamba akimaliza masomo atarudi kuleta amani katika ukanda wa Maziwa Makuu. Nilimwambia, dada, kijana wa Vienna akiomba kusoma vyama vya mafundi wa karne ya 14, nani anamdai alete amani Austria? Kwa nini sisi kila karatasi lazima iishie na amani, kama risiti? Kusoma kwako hakuhitaji kisingizio.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mimi nasoma barua kama barua, yeye ameiandika ikasomwe na watu wawili, mmoja wa idara ya historia na mmoja wa ufadhili, na yule wa pili anaitafuta hiyo aya. Tukabishana mpaka jenereta ya kituo ikazimwa. Aya aliiacha. Alichopunguza ni maneno: "kuleta amani katika ukanda wa Maziwa Makuu" ikawa "kufundisha". Kesho yake akaituma.