Mchezaji Asiyesema Kitu

Kila kundi linalocheza Dungeons & Dragons lina mtu wake mmoja hivi. Anafika, anakaa, anakula njugu za watu, anacheka panapochekesha, na saa nne zikiisha ukihesabu maneno aliyosema hayajazi SMS moja. Akiulizwa mhusika wake anafanya nini, anajibu, "Nawafuata tu." Halafu wiki inayofuata anarudi. Hilo la kurudi ndilo huwachanganya wenzake.

Kama uliona kipindi cha kwanza cha Stranger Things, mchezo wenyewe unaujua: vijana wamezunguka meza, mmoja anasimulia, wengine wanabishana, dadu inarushwa, mtu anapiga kelele. Ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna mshindi. Mwongozaji, ambaye mezani huitwa DM, anaeleza mahali na hatari iliyopo. Kila mchezaji ana mhusika wake, na jambo lisilo na uhakika huamuliwa na dadu. Yaani ni hadithi inayotungwa na watu watano kwa mpigo, na watu watano hawawezi kuitaka hadithi moja kwa kiasi kimoja. Mmoja amekesha akisoma kitabu cha sheria. Mwingine amemwandikia mhusika wake historia ya kurasa kumi, pamoja na mama, na kaburi la mama. Wa tatu amekuja kwa sababu marafiki zake wako hapa na Jumamosi ni ndefu. DM naye ametumia jioni mbili kuchora ramani ya mji ambao huenda hakuna atakayeuingia. Ukiwa na jioni mbili za jasho nyuma yako, "nawafuata tu" inasikika kama dharau.

Siku hizi kuna sababu nyingine ya dharau hiyo kuuma. Tangu 2015 kuna Critical Role, kipindi ambamo waigizaji wa sauti, walioongozwa awali na Matthew Mercer, wanacheza D&D mbele ya kamera. Kinapendeza, sikatai. Ila hao ni watu ambao riziki yao ni kubadilisha sauti, na wanachezea watazamaji. Kamera haina subira na mtu aliyekaa kimya akifikiria. Sisi tulio kwenye meza za kawaida tumekichukua kipimo chao kizima kizima: anayelia machozi ya mhusika wake amejitolea, anayekula njugu hajajitolea. Ni kipimo kibovu.

Robin Laws aliliona hili mapema. Mwaka 2002 alitoa kitabu chembamba cha ushauri kwa waongozaji, Robin's Laws of Good Game Mastering, na katika aina za wachezaji anazozitaja yumo huyu anayekuja kwa ajili ya kampani. Laws anamtetea. Anasema mtu huyo hujaza kundi, hutuliza mambo wenye makeke wakigongana, na kumlazimisha ajitokeze ni kumfukuza. Naafiki, lakini utetezi huo unategemea moyo wa DM. Ukipata DM mwenye roho safi, umepona. Ukipata yule wa kununa, pole. Swali linalonivutia mimi ni la sheria zenyewe: mchezo unamfanyia nini mtu wa aina hii?

Chukua D&D. Vita vikianza, kila mtu anarusha dadu kupanga foleni. Zamu yako ikifika ni yako, hata kama sauti yako ni ya kunong'ona, na mezani wote wanakungoja. Vita vikiisha, foleni inavunjwa, na hapo utawala unarudi kwa mwenye mdomo. Watu hulalamika kwamba D&D ina mapigano mengi mno. Kwa mtu mkimya mapigano ndiyo sehemu pekee yenye demokrasia. Nje ya vita anaweza kuwa na mhusika mwenye ulimi wa asali, namba zote za ushawishi ziko juu, na bado DM fulani atamwambia, "Haya, tuambie unamwambiaje huyo mfalme." Kwani mwenye mhusika mwenye nguvu za simba ameambiwa ainue meza kwanza?

Apocalypse World ya Vincent na Meguey Baker, iliyotoka 2010, ilijaribu dawa nyingine. Mwongozaji anaagizwa aulize maswali kila mara na atumie majibu anayopewa. Unawafuata tu? Sawa, uko mbele au nyuma? Nyuma. Mbona nyuma? "Kuna mtu simwamini." Hapo DM amepata hadithi ya mwezi mzima kwa maneno matatu. Hata hivyo, maswali yakizidi yanageuka mahojiano ya polisi, na mtu mkimya anajua vizuri sana anapohojiwa.

Mchezo uliokwenda mbali zaidi ni The Quiet Year wa Avery Alder, wa 2013. Hauna DM wala wahusika wa mtu mmoja mmoja. Mnaongoza kijiji kilichopata mwaka mmoja wa amani baada ya vita, mnachora ramani yake, na kila karata mnayofungua ni wiki moja. Kunoga kwake ni hapa: mazungumzo yamefungwa. Ukiitisha kikao cha kijiji, kila mtu anasema mara moja, sentensi moja au mbili, basi, hata kama hamjaafikiana. Ukihisi umepuuzwa huruhusiwi kuhutubia. Unaokota kete ya kinyongo na kuiweka mbele yako ili wote waione. Msemaji sana anateseka mazee, unamwona anavyomeza maneno. Mkimya anachora kisima, na kisima kinabaki kwenye ramani. Bei yake ni kwamba soga zile za pembeni, ambazo kwa wengi ndizo zilizowaleta, nazo zinapungua.

Ninaoupenda zaidi ni Dread, wa Epidiah Ravachol na Nat Barmore, uliotoka 2005. Ni mchezo wa kutisha, na badala ya dadu kuna mnara wa Jenga. (Jina hilo ni letu, ndiyo: Leslie Scott, aliyeuingiza mchezo huo sokoni mwaka 1983, alizaliwa Tanganyika na alikijua Kiswahili.) Ukitaka kufanya jambo la hatari unachomoa kipande. Mnara ukianguka mikononi mwako, mhusika wako ametoka kwenye hadithi. Unaweza pia kuuangusha makusudi: mhusika anakufa, lakini alichokusudia kinatimia. Kabla ya kuanza, kila mchezaji hupewa karatasi ya maswali kuhusu mhusika wake, na hujibu kwa kuandika. Si lazima uwe msemaji kuandika. Halafu saa ya pili inafika, mnara umeinama, na yule asiyesema kitu ananyoosha mkono. Meza nzima inashikilia pumzi. Hajaongea, na hakuna aliyehusika kuliko yeye.

Wale tuliokariri fanani na hadhira kwa ajili ya KCSE tunajua kwamba hadhira ya ngano haikuwa viti vitupu. Iliitikia, iliimba kiitikio, na fanani akiona macho yanafumba alibadilisha mwendo. Mezani mtu mkimya hufanya kazi hiyo, na hufanywa aione haya.

Kuna wengine siwatetei. Anayetazama TikTok zamu ya mwenzake ikiendelea hajanyamaza, ameondoka. Kuna anayeahidi kuja na saa kumi na moja anatuma meseji kwamba mvua imemshika Thika Road, mara ya nne mfululizo. Mara nyingi huyo huyo ndiye mwenye historia ya kurasa kumi. Na kuna anayejua sheria zote kiasi kwamba humchezea kila mtu: "Mrushie moto! Si una moto?" Saa nne ni dakika 240. Kwa watu watano ni dakika 48 kila mmoja, na yeye akichukua 120 kuna mtu amekatwa, na aghalabu ni yule ambaye hatadai. Makundi hukaa vikao virefu kujadili jinsi ya kumwamsha aliye kimya. Sijasikia kikao cha kumpunguza huyu.

Kundi lako likiwa na wakimya wawili na DM aliyechoka, ahirisheni D&D wiki moja mcheze Dread. Inaisha usiku mmoja, mnara mnaweza kuazima, na kitabu cha sheria si lazima wote wakisome. Mwenye meza inayoyumba asijitolee kuwa mwenyeji.