Bisibisi Mgongoni mwa Alteneta

Fundi wa umeme wa magari ninayemwendea hapa Kakanda ana kibanda cha mabati, benchi moja la mbao nzito, na mwembe ambao ndio karakana yake hasa, kwa sababu kazi nyingi huifanya chini ya kivuli chake. Siku niliyofika kwake mara ya kwanza, gari langu lilikuwa likisukumwa na vijana wawili. Nilikuwa nimekwisha kununua betri mpya mara mbili ndani ya muda mfupi, maana kila niliyemuuliza alinijibu neno moja tu: betri.

Yeye hakufungua boneti. Alivuta kigoda, akakaa, akaniuliza, "Mama, inakufaka siku gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafikiri, nikamweleza kwamba nikienda Likasi na kurudi, kesho yake gari linawaka bila shida. Nikizunguka hapa hapa Kakanda, sokoni, shuleni, kanisani, basi siku ya pili au ya tatu nakuta limenyamaza. Akaniomba niwashe swichi bila kupiga stata. Akainama dirishani, akaitazama dashibodi kama mtu anayesoma barua. Kisha akasema, "Sawa, mama," akamwita kijana wake alete mita.

Baadaye nilielewa kwamba jibu alilipata palepale. Lakini hakulitamka, na hapo ndipo heshima yangu kwake inapoanzia. Aliliweka moyoni, akaanza kupima kila kitu ambacho kingeweza kumwumbua.

Alianza na betri yenyewe, injini ikiwa imezimwa. Mita ikasoma volti 12.1. Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo, kwa hiyo ikishiba na kupumzika inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikifika 12.0, sehemu kubwa ya chakula chake imekwisha. Hapo wengi wangesema betri imekufa. Yeye akafungua vifuniko vyote sita, akachukua kile kibomba cha kioo chenye boya ndani, akavuta maji ya betri chumba kimoja baada ya kingine. Alikiinua kibomba usawa wa jicho, akangoja boya litulie kabisa, akalisoma, akarudisha tindikali mulemule ilimotoka bila kudondosha hata tone. Vyote sita, kimoja kimoja, bila haraka. Kijana akiandika kwa chaki juu ya bati.

Tarakimu zote zilikuwa chini, na zote zililingana. Hicho ndicho alichokuwa anatafuta. Chumba kimoja kingekuwa chini kuliko vingine, ugonjwa ungekuwa ndani ya betri. Vikishuka vyote pamoja, kosa liko kwa anayevilisha. "Batri haina kosa, mama," akaniambia. "Iko na njaa tu."

Nilizikumbuka zile betri mbili nilizozitoa kwa bei ya chuma chakavu. Tangu Mfaransa Gaston Planté alipotengeneza betri ya kwanza ya risasi na tindikali mwaka 1859, tabia hii haijabadilika: bamba za risasi zikiachwa muda mrefu bila chaji hufanya ukoko mweupe, ukoko ukikomaa haurudi tena, na betri iliyokuwa nzima inakufa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nazitia njaa, halafu nazitupa kwa kuwa zimekonda.

Baada ya hapo akaomba niwashe gari, kwa kuazima moto wa betri yake. Kuna mafundi ambao injini ikishawaka huchomoa waya mmoja wa betri ili waone kama gari litazimika. Likiendelea, wanasema alteneta ni nzima. Huyu hafanyi hivyo, na kijana wake amekatazwa kwa ukali. Betri ikichomolewa ghafla wakati alteneta inachaji, umeme unaruka juu na unaweza kuunguza dayodi na hata kompyuta ya gari. Mita inatosha. Ikasoma volti 12 na kitu, injini ikiunguruma polepole. Alteneta inayofanya kazi ingepandisha hadi 13.8, au 14 na kitu.

Akachukua bisibisi ndefu. Nilidhani anataka kufungua kitu. Badala yake aliisogeza mgongoni mwa alteneta, karibu na beringi ya nyuma, mbali na mkanda unaozunguka, akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika unyoya. Bisibisi haikutikisika. Akaniita nije nijionee, na mimi sikuona kitu cha kuona. "Njo vile," akasema. "Hakuna kitu."

Maana yake ni hii. Ndani ya alteneta kuna kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Umeme kidogo ukipita kwenye waya huo, ukifikishwa na kaboni mbili ndogo zinazogusa pete zinazozunguka, kiini kinageuka sumaku. Sumaku hiyo inapozunguka katikati ya koili tatu zilizokaa kimya pembeni, umeme unazaliwa, dayodi zinaunyoosha, na betri inakula. Bila ule umeme kidogo wa mwanzo, kiini kinazunguka bure. Sumaku ingekuwapo, bisibisi ingevutwa.

Halafu akakanyaga mafuta, taratibu sana, macho kwenye mita. 12.1. 12.1. 12.0. Injini ilipofika pale inapolia kama gari linalopanda mlima, tarakimu ziliruka mara moja hadi 14.2, na hazikushuka hata alipopunguza mafuta. Akaligusa gari begani kama mtu anayempongeza mtoto. Chuma hubaki na usumaku kidogo hata umeme ukikatika, na kwa mwendo mkali usumaku huo mdogo unatosha kuiamsha alteneta. Ndiyo sababu barabara kuu ya Likasi ilikuwa dawa, na mizunguko ya gia ya pili hapa mjini ilikuwa njaa. Swali lake la kwanza lilikuwa limejibiwa.

Kwenye benchi lake siku hiyo ililala alteneta ya lori, imefunguliwa, koili zake zikimeta rangi ya machweo. Hapa kwetu sipiti mbele ya shaba bila kuitazama. Karne ya 19, wakati wa mfalme Msiri, wafua shaba wa Kiyeke wa Bunkeya waliivuta shaba ya nchi hii kwa mikono mpaka ikawa waya mwembamba wa bangili. Ikaja kampuni ya Union Minière mwaka 1906, vikaja viwanda vya Shituru, Likasi ikaitwa Jadotville hadi 1966. Leo malori yanapita na bamba za shaba kuelekea Kasumbalesa, na huenda sehemu ya shaba hiyo hurudi ikiwa imesukwa ndani ya mashine kama hii. Fundi wangu akisafisha koili kwa brashi na kukagua kila uzi kama umeungua, mimi naona kazi ya wale wa Bunkeya ikiendelea.

Lilibaki jambo moja la kuthibitisha. Alizima injini, akachomoa waya mwembamba wa alteneta, akachukua lampi ndogo yenye nyaya mbili, akaunganisha upande mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye kipini ulipotoka waya huo. Lampi ikawaka. Bisibisi ikarudi mgongoni mwa alteneta, na safari hii ikavutwa, tak! ikanata. Kijana akapiga stata. Lampi ikafifia, ikazimika, mita ikapanda 14.2 injini ikiunguruma polepole. Akawasha taa zote na feni: 13.9. Akapima pia njia ya waya mnene kutoka alteneta hadi betri, na njia ya ardhi, asije akaacha kosa la pili limejificha nyuma ya la kwanza. Zilikuwa safi.

Ndipo akafungua dashibodi na kunitolea kile alichokiona tangu mwanzo: lampi ya alama ya betri, ndogo kuliko punje ya hindi, uzi wake umekatika. Katika gari la umri wa langu, umeme wa kuiamsha alteneta unapitia lampi hiyo. Ilipoungua ilininyima chaji na onyo kwa pamoja, na nilipowasha swichi asubuhi zote zile sikugundua kwamba taa moja inakosekana.

Alitafuta nyingine kwenye kopo lake, akaijaribu, akaipachika. Betri aliiacha kwenye chaja yake hadi jioni, na hakuniuzia kitu kingine chochote.

Jioni nikakaa kwenye usukani, nikawasha swichi. Taa nyekundu ikawaka. Nikapiga stata, ikazimika.