Ulizo Lililo Nyuma ya Idadi: Uhakiki wa Hesabu za Vituo vya Maji katika Ramani za Nakivale

Makala haya yanahakiki desturi ya kuwasilisha idadi iliyotolewa na Mfumo wa Taarifa za Kijiografia bila kuonyesha ulizo lililoizaa. Mfano unaotumika ni vituo vya kuchotea maji katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja yetu ni kwamba kompyuta haihesabu mabomba. Huhesabu rekodi zinazotimiza masharti yaliyowekwa na mwandishi wa programu. Kila idadi, basi, ni tunda la maamuzi, na mshauri wa sera anastahili kuyaona.

Uamuzi wa kwanza ni wa mpaka. Nakivale, inayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbarara hadi Isingiro ilipofanywa wilaya mwaka 2005. Ulizo linalotafuta vituo vya maji "ndani ya Mbarara" litaijumuisha Nakivale likitumia tabaka la mipaka ya zamani, na litaiacha yote likitumia tabaka la sasa. Programu haitatoa onyo, kwa kuwa kwake majibu yote mawili ni sahihi.

Uamuzi wa pili ni wa uhusiano wa mahali. Nakivale ina kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Kituo kilichochorwa juu kabisa ya mpaka wa kanda mbili huhesabiwa mara mbili ikiwa sharti ni "kukutana", na hakihesabiwi popote ikiwa sharti ni "kuwa ndani". Jumla ya kanda huweza hivyo kuzidi au kupungua idadi ya makazi yote.

Uamuzi wa tatu, wenye madhara makubwa zaidi, unahusu nafasi zisizojazwa. Katika lugha ya SQL, sharti "hali si mbovu" haliirudishi rekodi ambayo hali yake haikuandikwa. Sharti "hali ni mbovu" nalo haliirudishi. Kituo ambacho hakikukaguliwa hutoweka katika hesabu zote mbili. Hapa suala la kiufundi linageuka kuwa suala la haki: kijiji ambacho wakaguzi hawakukifikia ndicho kinachofutika kwanza.

Athari zake huonekana katika viwango vya Sphere, vinavyotaka watu wasiozidi 250 kwa bomba moja. Nukta moja ya ramani huweza kuwa kituo chenye mabomba kadhaa. Anayegawanya watu kwa nukta hajapima kiwango hicho. Mwaka 2018 uhakiki wa wakimbizi nchini Uganda uliishusha idadi yao kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1. Ikiwa hesabu ya watu ilistahili kuhakikiwa hivyo, hesabu ya mabomba inastahili vivyo hivyo.

Huenda ikadaiwa kwamba washauri wa sera hawasomi msimbo. Hawahitaji kuusoma. Tunapendekeza kila idadi iambatane na mambo manne: tabaka na tarehe yake, masharti ya ulizo, namna vituo vya mpakani vilivyohesabiwa, na idadi ya rekodi zisizo na taarifa. Idadi isiyo na hayo isitumiwe kuamua ni kijiji kipi kichimbiwe kisima na kipi kisubiri.