Australia 82, Japani 72: na wewe ungejipa ngapi?

Hebu tufanye jaribio dogo kabla hatujaenda mbali. Chukua karatasi, chora mstari mmoja wa kusimama. Chini kabisa andika 0, juu kabisa andika 100. Sifuri ni maisha mabaya kuliko yote unayoweza kuyafikiria, mia ni maisha mazuri kuliko yote. Sasa weka alama: maisha yako wewe yako wapi?

Umeshaweka? Basi umefanya sehemu ya kazi waliyopewa watu wazima 4,028 wenye ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, kutoka nchi 15, kwenye utafiti unaoitwa APPROACH-IS. Mstari huo, pamoja na dodoso fupi la maswali matano kuhusu kuridhika na maisha, ndivyo vilivyotumika kupima ubora wa maisha yao. Utafiti uliongozwa na Philip Moons na wenzake kutoka Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na matokeo haya yalichapishwa mwaka 2016. Australia iliongoza kwa alama 82. Japani ilikuwa ya mwisho kwa 72. Hitimisho likawa kwamba kwa ujumla ubora wa maisha ya watu hawa ni mzuri.

Leo nataka tulichokonoe hilo neno "mzuri". Na nikiri mapema: nina sababu ya kifamilia ya kufanya hivyo.

Kwanza tuelewane tunaongelea nani. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, takriban wanane hadi tisa huwa na hitilafu ya moyo: tundu kati ya vyumba, vali iliyobana, mishipa iliyounganishwa kinyume. Miaka ya 1940 wengi wenye hitilafu kubwa walikufa utotoni. Kisha upasuaji ukaja, na leo kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 90 hufika utu uzima. Huko watu wazima wenye ugonjwa huu wameshawazidi watoto kwa idadi. Ndiyo maana swali likabadilika. Zamani tuliuliza, ataishi? Sasa tunauliza, anaishije?

Na kwa hilo naupongeza utafiti huu kwa moyo mweupe. Kabla yake kulikuwa na tafiti ndogo ndogo, kila hospitali na dodoso lake, huyu anasema wagonjwa wana hali mbaya, yule anasema wanawashinda hata wazima. Moons na wenzake walitumia kipimo kimoja kila mahali, na wakamuuliza mgonjwa mwenyewe badala ya daktari wake. Si jambo dogo.

Sasa basi, waliulizwa akina nani? Soma sehemu ya mbinu, ile ambayo wengi wetu tunairuka. Mshiriki alitakiwa awe na miaka 18 au zaidi, awe aligunduliwa kabla ya kufikisha miaka kumi, na awe anafuatiliwa kwenye kituo cha moyo au yumo kwenye rejista. Masharti yana mantiki kwa mtafiti. Lakini fikiria yanamwacha nani nje. Aliyegunduliwa akiwa na miaka 23, siku alipobeba mimba akaanza kuhema, hayumo. Aliyeacha kliniki hayumo. Aliyefariki ndio kabisa. Ni sawa na kusimama mlangoni mwa ukumbi wa mahafali ukiuliza wanaotoka kama shule ilikuwa ngumu.

Hapo ndipo anapoingia dada yangu. Alizaliwa na tetralojia ya Fallot, yaani hitilafu nne kwa mpigo, ikiwemo tundu kati ya vyumba vya chini na njia nyembamba ya damu kwenda kwenye mapafu. Alipelekwa India kwa rufaa akiwa na miaka sita, akafunguliwa kifua, akarudi anakimbia. Nilikuwa mdogo ila nakumbuka midomo yake ilivyokuwa ya bluu kabla, na jinsi alivyokuwa akichuchumaa katikati ya mchezo ili apate pumzi. Leo ana miaka 27, anauza vitambaa, ana maneno kuliko redio.

Nilimpa ule mstari. Akaweka 85 bila kufikiri.

"Dada, umewashinda Waaustralia," nikamwambia.

"Wanajilinganisha na nani?" akaniuliza. "Mimi najilinganisha na wale tuliolazwa nao wadi moja."

Kiukweli alinikata maini, maana swali lake lina fasihi nzima nyuma yake. Mwaka 1999 Albrecht na Devlieger waliandika kuhusu kitendawili cha ulemavu: kwa nini watu ambao wengine tunawaonea huruma husema maisha yao ni mazuri? Mwaka huohuo Sprangers na Schwartz walieleza jinsi mtu anayeishi na ugonjwa anavyobadilisha rula yenyewe. Vipaumbele vinahama, viwango vinahama, hata maana ya "maisha mazuri" inahama. Kwa aliyezaliwa na ugonjwa hata hakuna cha kuhamisha, hajawahi kuwa na moyo mwingine wa kulinganisha. Mimi siichukui 85 ya dada kama uongo. Ni kweli yake. Tatizo ni kuisoma kana kwamba inatuambia kuhusu moyo wake.

Mwaka 2005 watafiti wa hospitali ya Royal Brompton, London, waliwapandisha wagonjwa kama hawa kwenye mashine ya mazoezi na kupima oksijeni wanayotumia wakifika mwisho wa nguvu. Hata wale waliosema hawana dalili yoyote walikuwa chini ya watu wazima wasio na ugonjwa. Hawakudanganya. Mtu aliyezoea kupanda ngazi taratibu tangu utoto haoni kwamba anapanda taratibu.

Na kwa Fallot hili lina uzito wake. Upasuaji wa utotoni mara nyingi huiacha vali ya mshipa wa mapafu ikivuja. Damu inarudi nyuma, chumba cha chini cha kulia kinapanuka mwaka hadi mwaka, kimyakimya. Wengi huhitaji vali mpya wakiwa vijana, na inafaa iwekwe kabla chumba hakijachoka. Kinachoonyesha wakati umefika ni kipimo cha eko au picha ya MRI, maana hisia huchelewa. Mtu anaweza kujipa 85 huku dirisha linafungwa.

Kuna matokeo mengine yaliyonisumbua. Wasio na kazi, ambao hawajawahi kuoa au kuolewa, wenye umri mkubwa na wanaochoka haraka walikuwa na alama za chini. Sawa. Lakini data zilikusanywa mara moja tu, kwa hiyo hatujui kilichotangulia. Umekosa kazi ndipo maisha yakawa mabaya, au moyo ulichoka ndipo ukakosa vyote viwili? Dada ana kovu kutoka chini ya koo hadi katikati ya kifua na blauzi zake zote zina kola. Mchumba mmoja aliondoka baada ya mama mkwe mtarajiwa kuuliza kama "huyo wa moyo" ataweza kuzaa. Kwenye jedwali angekuwa alama moja ya vema kwenye kisanduku cha "hajaolewa". Wengi waliofanyiwa upasuaji wa Fallot huzaa salama wakifuatiliwa vizuri, ila hakuna aliyemwambia mama yule.

Tukija nyumbani, kati ya nchi zile 15 hakuna hata moja ya Afrika. Awamu ya pili ya utafiti imepanuka na kulifikia bara letu, na hilo ni jema. Lakini shida ya kwetu inaanzia mbali zaidi ya dodoso. Uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka 2011 ulikuta Ulaya inaripoti watoto 8.2 kwa kila 1,000, Afrika 1.9. Usifurahi. Mioyo ya watoto wetu haina uimara wa ziada, kinachopungua ni eko, na mikono ya kuishika. Sasa ile sharti ya kugunduliwa kabla ya miaka kumi, ukiileta hapa, inawachuja wagonjwa wenyewe hata kabla hujaanza kuwauliza.

Ningekuwa na uwezo ningeongeza swali moja kwenye dodoso: mara ya mwisho kupimwa moyo ilikuwa lini? Nilimuuliza dada, akahesabu kwa vidole. Miaka tisa. Alipofikisha 18 kliniki ya watoto ilimwambia amekuwa mkubwa, asirudi pale. Hawakumpa barua wala jina la daktari wa kumpokea, naye akachukulia kwamba amepona, na sisi nyumbani tukashangilia pamoja naye.

Tumepata tarehe ya eko. Ni Jumanne saa mbili asubuhi, na ameshaniambia nibebe chai.