Neti ya Kariakoo, baridi ya Makete

Katika maduka ya pembejeo yaliyolizunguka Soko Kuu la Kariakoo, neti nyeusi ya kivuli hukatwa kwa mita. Muuzaji huuliza swali moja: asilimia ngapi? Ya 50 hupitisha nusu ya jua, ya 70 hupitisha kidogo zaidi ya robo, na mteja wa Dar es Salaam huchagua kulingana na ukali wa jua la kwake. Mwenye miche ya miembe kando ya barabara, au anayeotesha pilipili kwenye beseni juu ya paa la ghorofa Ilala, anajua jua la saa saba mchana linavyoufanya mche wenye majani mawili. Usiku haumsumbui. Hata Julai, kipupwe kikiwa katikati, jiji hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi, na mche wa nyanya hauna malalamiko.

Lakini si neti zote zinazobaki Dar. Nyingine hufungwa robota, hupandishwa basi la Njombe au Mbeya, na kufika mahali ambapo kati ya Juni na Agosti sakitu huunguza miche kabla jua halijachomoza. Huko neti ileile huanza kazi magharibi, saa ambayo ya Dar imemaliza. Kazi hiyo ya pili ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa sababu huelezwa vibaya dukani na hufanywa vibaya shambani: mtu hununua kitu sahihi akakitumia saa isiyo yake. Ninachodai ni kwamba mche hauokolewi usiku. Huokolewa, au hupotezwa, kati ya asubuhi na saa kumi na moja jioni ya siku iliyotangulia.

Tuanze na joto lenyewe. Usiku usio na mawingu wala upepo, udongo, majani na mawe hutoa joto kuelekea angani kwa njia ya mnururisho. Mawingu yakiwepo hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo. Pwani, hata mbingu zikiwa wazi, mvuke uliojaa hewani nao hurudisha, na ndiyo sababu lami ya Msimbazi bado ina uvuguvugu usiku wa manane. Kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kavu; anga la Julai hurudisha kidogo mno. Udongo wenye nyuzi 5 hupoteza huko takribani wati 90 kwa kila mita ya mraba. Tuta la miche lenye mita za mraba 10 basi linapoteza wati 900, karibu sawa na pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka tangu magharibi hadi alfajiri.

Jani hupoa kuliko vyote, kwa kuwa ni jembamba na halina akiba ya joto. Kipimajoto kilichotundikwa mita moja na nusu kutoka ardhini kinaweza kuonyesha nyuzi 2 juu ya sifuri huku jani la kiazi lililo karibu na udongo limeshapita sifuri kwenda chini. Barafu huanzia katika nafasi zilizo kati ya seli, kisha huvuta maji kutoka ndani ya seli hadi seli ikakauka na utando wake ukaharibika. Asubuhi jani linaonekana kama limechemshwa, na kufikia saa sita limekuwa jeusi. Kabichi, vitunguu na njegere changa huvumilia hali hiyo kwa kiasi. Kiazi hufa majani kwenye nyuzi moja au mbili chini ya sifuri. Nyanya, hoho na tango hazingoji hata barafu. Chini ya nyuzi 10 hudumaa, mizizi ikashindwa kuvuta maji ingawa udongo umelowa.

Kwa hiyo mwezi wenye baridi peke yake hautoshi kutuambia lini tuogope. Kenya inaonyesha hilo vizuri zaidi kuliko sisi. Julai ya Nyanda za Juu za Kenya ni ya mawingu na manyunyu, watu wanavaa masweta, na miche inanusurika. Sakitu iliyounguza chai ya Kericho na Nandi ilipiga Januari 2012, katikati ya kiangazi, mchana jua kali na usiku mbingu wazi. Njombe na Makete wana bahati mbaya ya kukutanisha vyote viwili: miezi yao ya baridi ndiyo miezi yao mikavu.

Na hapo pana jambo la mabonde. Katika Iringa na Njombe watu wamelima vinyungu kwa vizazi, yaani bustani za kiangazi chini ya mabonde, ambako unyevu hubaki baada ya mvua kukatika. Viazi, mahindi mabichi, maharage na mboga nyingi za miezi ya ukame hutoka huko. Shida ni kwamba hewa iliyopoa ni nzito. Huteremka taratibu kwenye miteremko usiku kucha na kutuama chini, palepale penye maji. Mwenye kinyungu hana pa kukimbilia: mteremkoni kuna joto lakini hakuna maji, bondeni kuna maji na baridi imejaa.

Umbo la kinyungu hata hivyo linamsaidia zaidi ya anavyodhani. Matuta huinuliwa, na kati yake mifereji hubaki na maji. Sidai kwamba umbo hilo liliundwa kwa ajili ya sakitu. Kazi yake ni kuondoa maji yaliyozidi na kuhifadhi unyevu. Lakini maji hubeba joto jingi: lita moja ikipoa kwa nyuzi 10 hutoa kilojuli 42 hivi, na ikifikia kuganda hutoa nyingine 334 kabla haijashuka zaidi. Kando ya ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, wakulima wa kale walijenga matuta mapana yaliyozungukwa na mifereji, yanayoitwa waru waru. Yalipofufuliwa katika miaka ya 1980, mazao ya juu ya matuta hayo yaliumia kidogo usiku wa sakitu kuliko yale ya mashamba ya kawaida jirani. Mkulima wa Makete anayekausha mifereji yake mwezi Juni ili apite vizuri na toroli anamwaga akiba yake mwenyewe.

Ua nao hutazamwa mara chache. Mstari mnene wa miti au matete uliopandwa chini ya bustani, kukata mteremko, huzuia hewa baridi isiendelee kushuka, na bustani inageuka bwawa la baridi. Ua huohuo ukiwa juu ya bustani huigeuza hewa hiyo ipite pembeni. Wanaopanda parachichi za Hass Njombe wameanza kushauriwa waepuke mabondeni kwa miche michanga, ushauri mzuri. Lakini wapo ambao tayari wamepanda, na kwao kufyeka pengo la mita chache kwenye ua wa upande wa chini ni kazi ya panga na asubuhi moja.

Sasa matandazo. Hapa ndipo ushauri unaofaa Dar unapogeuka madhara ukipandishwa mlimani bila kufikiriwa. Kwenye mashamba ya mchicha ya bonde la Msimbazi, nyasi kavu zikitandazwa huzuia jua lisichome udongo na maji yasiruke, na hakuna wa kubisha. Nyasi hizohizo zikiwa chini ya mche huko Makete hufanya kosa mara mbili: mchana zinauzuia udongo usipate joto, usiku zinalizuia joto la udongo lisipande kuufikia mche. Juu ya nyasi jani linabaki peke yake na anga. Kwa hiyo siku zinazotazamiwa sakitu, matandazo husogezwa pembeni asubuhi, udongo hulowanishwa mapema ili upokee jua, na hauchimbuliwi, kwa kuwa udongo uliotifuliwa umejaa hewa na haupitishi joto. Jioni nyasi hizo zina kazi nyingine: kufunika mche wenyewe, juu, kisha kuondolewa jua likishafika.

Turudi kwenye neti. Inachofanya ni kusimama kati ya jani na anga. Nyuzi zake nazo hupoa, kwa hiyo neti ya asilimia 70 haipunguzi upotevu kwa asilimia 70, lakini haziwi baridi kama anga, na hiyo tofauti ndiyo faida. Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kilijaribu nyavu nyepesi za aina ya vyandarua juu ya vitalu vya mboga katika miaka ya mwanzo ya 2010, lengo kuu likiwa wadudu. Hewa chini ya nyavu ilikuwa na joto zaidi, udongo ulibaki na unyevu, na miche iliota mapema. Njoro iko juu ya mita 2,000, kwa hiyo matokeo hayo yanatuhusu kuliko vitabu vya Ulaya.

Karatasi ya nailoni, ile ya kung'aa, watu wengi huiamini zaidi kwa sababu mchana inajaza joto hata ukiingiza mkono unatoka na jasho. Usiku inadanganya. Nailoni nyembamba ya kawaida hupitisha mnururisho wa joto karibu kama haipo, na kwa kuwa inazuia upepo usilete hewa yenye joto kutoka juu, kuna usiku ambapo ndani yake huwa baridi kuliko nje. Matone ya maji yakijikusanya upande wa ndani hali huwa nafuu, maana maji huuzuia mnururisho huo. Jani linaloigusa huganda mahali lilipogusa. Asubuhi utaona doa la umbo lilelile la mguso. Magunia ya sandarusi yaliyochanwa na kushonwa pamoja hufanya kazi nzuri kuliko nailoni, ni bei chee, ila hayapitishi mwanga wa kutosha, kwa hiyo hayawezi kuachwa mchana.

Niliulizwa kuhusu chupa za maji, zile za lita moja na nusu ambazo Kariakoo haikosi. Hujazwa maji, huachwa juani, jioni zikawekwa kati ya miche. Hesabu yake ni fupi. Chupa moja ikipoa kwa nyuzi 10 katika saa 12 hutoa wastani wa wati moja na nusu. Chupa 10 katika mita ya mraba ni wati 15, dhidi ya upotevu wa 90. Bila kifuniko ni mchezo wa watoto. Chini ya neti, upotevu ukiwa umeshuka tuseme hadi 60, wati 15 ni robo nzima, na robo hiyo yaweza kuwa ndiyo nyuzi moja iliyobaki kabla ya barafu. Zinafaa, ila zikiwa za pili.

Moshi sitaupa nafasi kubwa. Bado watu huchoma matairi na nyasi mbichi wakiamini wingu la moshi litafunika shamba. Chembe za moshi ni ndogo mno kuzuia mnururisho wa joto. Kinachosaidia ni moto wenyewe, na hapo vimoto vidogo vingi hushinda moto mkubwa mmoja, kwa kuwa mkubwa hurusha joto lote juu likavuka tabaka la hewa vuguvugu na kupotea. Ukifukiza matairi, unawapa majirani kikohozi. Kumwagilia wakati wa sakitu hufanya kazi, kwa kuwa maji yakiganda hutoa joto, lakini lazima yamiminike bila kukatika mpaka barafu iyeyuke asubuhi. Pampu ikizima saa kumi alfajiri, maji yaliyobaki juu ya jani huanza kukauka, na gramu moja inayokauka hunyonya joto mara saba ya lile linalotolewa na gramu inayoganda. Asiye na dizeli ya usiku mzima asianze.

Ratiba basi inakuwa hivi. Asubuhi matandazo yametolewa na tuta limelowanishwa; mchana liko wazi kabisa, bila neti, hata kama jua linaonekana kali; saa kumi jioni, udongo bado una joto, neti inatandikwa juu ya matao na kufukiwa pembeni. Anayesubiri hadi amalize chakula cha jioni anafunika udongo ambao umekwisha kupoa kwa saa tatu. Saa mbili hadi saa tatu asubuhi inatolewa.

Neno "kufukiwa" ndilo linaloamua mita za kununua. Neti inayoning'inia pembeni huingiza hewa baridi inayotambaa ardhini, kwa hiyo inahitaji pindo la sentimita 20 kila upande chini ya udongo. Tuta la upana wa mita 1 lenye matao ya nusu duara, ya mianzi au ya bomba la maji, linahitaji mita 1.57 za kuzunguka tao pamoja na sentimita 40 za mapindo: mita 1.97. Neti ya upana wa mita 2 inatosha kwa kubana. Tuta la mita 1.2, ambalo wengi wamefundishwa, linataka 2.28. Hapo mtu akilazimisha neti ya mita 2, ama pindo linapotea ama tao linalala mpaka neti inagusa majani. Afadhali kuligawa tuta upya kabla ya kwenda Kariakoo, au kuuliza dukani kama ipo ya mita 3.