Ua Lisilotaka Udongo

Kagongwa ni mji wa mpunga. Mashine za kukoboa hunguruma tangu alfajiri, pumba hurundikana nyuma ya maghala, na malori ya Rwanda na Burundi hupita kwenye lami yakitimua vumbi. Mimi nilifuata mchele. Ua nililikuta uani kwa mzee mmoja.

Kigogo cha mninga kilikuwa kimening'inizwa kwa waya chini ya mwembe. Juu yake liling'ang'ania fungu la mabua manene kama vidole, yamebanana mithili ya miwa michanga. Mizizi ndiyo iliyonistaajabisha. Mingine, minene na myeupe, ilikumbatia gome. Mingine, myembamba, ilisimama wima ncha juu kama sindano, na katikati yake yalinasa majani makavu ya mwembe na manyoya ya kuku. "Hicho ndicho kikapu chake," mzee akasema. Taka zikioza humo, mmea hula. Mti haunyonywi hata tone. Ni kiti tu.

Jina lake la kisayansi ni Ansellia africana, kwa heshima ya John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeukusanya kisiwani Fernando Po mwaka 1841. Miombo ya huku ilikuwa nao bila kumsubiri Ansell. Wengine huuita okidi ya chui, kwa kuwa maua yake ni ya njano yenye madoa ya kahawia, ingawa mengine huwa na madoa hafifu mno, chui aliyefuliwa mara nyingi.

Mzee aliupata siku zake za uchimbaji, upande wa Geita. Mti ulikatwa kwa ajili ya matimba, magogo yanayoshikilia kuta za duara, yaani shimo la mgodi, zisiwaangukie wachimbaji. Mti ukashuka shimoni, okidi ikabaki juu imelala kwenye vumbi. Akaiokota. Mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya okidi za mwituni kati ya nchi na nchi hajawahi kuusikia, lakini ana sheria yake: anaokota kilichoanguka, hapandi mti kung'oa.

Alinimegea kipande chenye mabua matatu. Nikakipanda kwenye ndoo ya udongo mweusi na samadi, nikakimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Baada ya wiki chache kilikuwa uji. Nilirudi kwake na aibu.

"Umekilisha mno, mwanangu," akasema, akacheka, akanimegea kingine.

Safari hii nilitazama mikono yake. Alichagua kigogo cha mti mgumu chenye gome la kukwaruza, akaufunga mmea kwa vipande vya mpira wa tairi: mkazo wa kutosha usicheze, ulegevu wa kutosha usikatike. Mizizi ikishashika, mpira hutolewa. Anayetaka chungu, alisema, ajaze mkaa na vipande vya matofali, maji yapite tu. Pumba za mpunga, pamoja na wingi wake pale Kagongwa, hazitaki: hulowa na kukaa na maji. Mwanga uwe mwingi. Mvua zikianza na machipukizi yakitokeza, mwagilia kwa moyo wote. Kiangazi kikiingia, weka kopo chini.

Hapo kwenye kuweka kopo chini ndipo ufundi ulipo, na ndipo wengi tunaposhindwa. Vanila, okidi jamaa yake inayolimwa Bukoba, humtaka mtu alichavushe kila ua kwa kijiti, kama alivyogundua Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka huohuo wa 1841. Ufundi ule unaonekana, na nauvulia kofia. Wa mzee hauonekani. Ukimtembelea Agosti utadhani ameutelekeza mmea.

Wasukuma waliujua ufundi huo wa kuacha kabla yetu. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza, ng'ombe wasiguse mpaka kiangazi kikali. Shinyanga ilikuwa imefyekwa miti kupambana na mbung'o na kupisha pamba. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilikuwa hekta 600 hivi. Miaka ya 2000 zilizidi 300,000. Sehemu kubwa ya miti ya ngitili hizo haikupandwa na mtu: visiki viliachwa, vikachipua.

Okidi huchelewa zaidi. Mbegu yake ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Lazima itue kwenye gome na kukutana na kuvu wa kuilisha, siri aliyoifumbua Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Ngitili inaweza kurudisha kivuli, kuni na ndege, na matawi yake yakabaki bado bila hata bua moja la njano.

Kigogo changu kinaning'inia barazani mwaka wa pili sasa. Hakijachanua. Septemba mzee alinipigia simu, akauliza habari za watoto, kisha bei ya mchele, kisha:

"Umekimwagilia?"

"Hapana, mzee."

"Haya. Nitapiga tena mvua zikianza."