Hadubini ya karatasi, kitunguu na lotoko

Jamani, hadubini isiyofika gramu kumi! Inakuja ikiwa karatasi bapa isiyoharibiwa na maji. Unabandua vipande, unavikunja kwa kufuata rangi, unachomeka kilenzi kidogo cha mviringo, basi una chombo cha kukuza mara 140. Inaitwa Foldscope. Waliibuni Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, na walipoitangaza mwaka 2014 gharama ya vifaa vyake haikufika dola moja. Umeme haitaki. Ielekeze dirishani tu, jua la kwetu Maniema, Kongo, lenyewe ndilo taa. Kwa sisi wa Kasongo na Kabambare, tuliozoea kuichora seli ubaoni kwa chaki na kufuta kengele ikilia, hii ni sikukuu.

Nimekwenda moja kwa moja kwenye kitunguu. Kiweke juu ya mdomo wa kopo lenye maji, kitako kiguse maji kidogo tu, na baada ya siku mbili tatu mizizi myeupe itaning'inia. Kata ncha, milimita mbili hivi, usizidishe. Huko ndiko seli zinakogawanyika, juu zaidi zinarefuka tu. Iloweke katika asidi hidrokloriki nyepesi, vuguvugu, ili seli ziachiane (hapo mwalimu ashike mwenyewe, watoto wakae mbali). Isuuze, idondoshee ile dawa ya zambarau ya vidonda inayouzwa famasi, ifunike kwa kioo chembamba, kisha ibonyeze kwa kidole gumba. Bonyeza wima! Ukitelezesha kidole tu, umeiharibu.

Sasa inua kwenye mwanga. Wee! Vyumba vya seli vimepangana safu kwa safu, kila kimoja na doa lake la zambarau, yaani kiini. Sogeza kidogo. Doa hili limekuwa mafundo mafundo. Lile limejipanga utepe katikati ya seli. Na pale pembeni mafungu mawili yanaachana, moja linakwenda huku, jingine kule. Ni mitosisi yenyewe, si mchoro wa mtu! Nilipiga ukelele ambao mtu wa umri wangu hapaswi kuupiga.

Seli nyingi, lakini, zina doa tulivu tu, na mwanafunzi atakuambia zimelala. Vitabu vya zamani navyo viliita hatua hiyo mapumziko. Mapumziko gani! Ndipo seli inapokua na kunakili DNA yake yote. Seli ya binadamu inayomaliza mzunguko wake kwa saa 24 hutumia kama saa moja tu kwa mgawanyiko wenyewe. Basi wape watoto kazi: wahesabu seli 100 za kitunguu, waandike ngapi zimekutwa zikigawanyika. Hesabu hiyo inawapa picha ya mgawanyiko unachukua sehemu gani ya mzunguko mzima, na hapo hisabati na biolojia zimekaa benchi moja.

Kisha DNA yenyewe. Ponda ndizi mbivu, tia maji, chumvi na sabuni ya vyombo, chuja kwa kitambaa. Sabuni inavunja utando wa mafuta wa seli na wa kiini. Chumvi inasaidia nyuzi zikaribiane. Pombe kali inazitoa majini. Pombe gani? Bila shaka nilianza na lotoko, pombe yetu ya kienyeji! Ikanipa ukungu hafifu, basi. Nguvu haitoshi, hata ile ya kwanza kutoka mtamboni inayojisifu sokoni. Spiriti ya famasi ya digrii 90 ndiyo yenyewe, na kwa kuwa barafu haipatikani, nilizungushia chupa kitambaa kibichi nikaiacha penye upepo. Imimine taratibu ukutani mwa glasi ili ikae juu. Tazama mpakani: vinyuzi vyeupe vinapanda! Vizungushe kwenye kijiti vinavutika kama mlenda wa bamia, na darasa zima litataka kushika.

Hapa mwalimu awe mkweli. Hayo ni mamilioni ya nyuzi zilizoshikana, na protini kidogo ndani. Msokoto wenyewe una upana wa nanomita 2, na hakuna kilenzi cha mwanga kitakachouonyesha. Ndiyo maana Rosalind Franklin na Raymond Gosling waliupiga picha kwa eksirei mwaka 1952, na picha hiyo ikawasaidia Watson na Crick kuunda ngazi yao iliyosokotwa mwaka 1953. Kila kidato cha ngazi ni jozi ya besi: A hukaa na T, G hukaa na C. Ipasue ngazi katikati, kila upande unajua mwenzake alikuwaje. Sasa lile doa tulivu la kitunguu, ambamo ngazi hiyo inanakiliwa, lina maana!

Halafu kuna malale, ugonjwa ambao katika jimbo letu si hadithi ya kale. Kidudu chake kina DNA kwenye kiini, na nyingine kwenye kidoa kilicho karibu na shina la mkia, ambamo maelfu ya pete ndogo za DNA zimefungamana, pete ndani ya pete. Kikitaka kugawanyika, kidoa kinatangulia, kiini kinafuata. Mtu wa maabara akihesabu vidoa na viini anajua kidudu kimefika hatua gani. Kwa nini somo la DNA huku kwetu halianzii hapo, sielewi! Kwa picha tu, lakini. Damu tuwaachie wa hospitali.

Kasoro? Ipo. Chini ya mikromita 2 hivi Foldscope haitenganishi vitu, kwa hiyo kromosomu 16 za kitunguu zitabaki fundo moja la zambarau, huzihesabu. Na ni jicho moja kwa zamu, ila sumaku zake zinaishika simu vizuri na picha ikaonekana na benchi zima. Nipeni ishirini, na kilo mbili za vitunguu, tuanzie Kabambare.